Mkaja Haushonwi

Mjukuu wangu alifika kutoka Dodoma na mfuko wa nailoni, akautupa juu ya kochi, akasema, "Babu, shikamoo. Nimekuletea vazi la asili."

Niliuangalia mfuko kwanza. Marahaba nilimpa baadaye. Mtu aliyeuza nguo maisha yake yote haitikii salamu haraka mbele ya mfuko ambao haujafunguliwa.

Akatoa kizibao cha kitambaa cha kuteleza kilichochapwa madoa ya chui. Akatoa mkanda wa kichwa uliobandikwa manyoya ya kuku, tena kuku wa kisasa, wale weupe wanaofugwa kwa taa. Akatoa na usinga wa katani. "Ni la Kingoni hili, babu. Utalivaa Jumamosi wakija wakwe."

"Nani kakuambia ni la Kingoni?"

"Wanaokodisha."

"Na wao ni Wangoni?"

"Sijui, babu. Sikuwauliza kabila."

"Babu yangu mimi nilimkuta hai," nikamwambia. "Alivaa kaptula ya kaki na koti la jeshi, masika na kiangazi, mpaka tukamzika nalo. Hakuvaa chui. Chui alikuwa anamlia mbuzi wake."

Alicheka, maana huyu binti anajua kucheka. Halafu akaacha ghafla, akakaa pembeni ya ule mfuko. "Babu, nakuomba. Huyu naye ukimfukuza, sileti mwingine. Nakwambia kabisa. Nitazeekea ofisini."

Lazima nieleze. Mwaka uliopita alileta kijana mwingine kujitambulisha. Kijana akaingia sebuleni kwangu na suruali iliyochanika magoti yote mawili. Nikamuuliza kama bodaboda imemwangusha. Akasema hapana mzee, ni mtindo. Nikamwambia mtindo wa kuoa kwenye nyumba hii ni suruali nzima. Waliondoka chai haijapoa. Sijutii hata kidogo, na leo akija na magoti yale nitamuuliza swali lile lile. Lakini kwa mwaka mzima mjukuu wangu hakukanyaga Songea, na mama yake, binti yangu ambaye amerudi kukaa nami tangu mumewe afariki, alikuwa ananiwekea chai mezani na kuondoka bila neno. Nyumba yenye mwanamke asiyesema ni nzito kuliko msiba. Kwa hiyo Jumamosi ile nilijua ni ya nini. Upande wa marehemu baba yake waliniachia mimi neno la mwisho kwa kuwa ndimi niliyemlea mtoto. Nikisema ndiyo, anaolewa. Nikisema hapana, nimempoteza.

Kizibao sikukivaa. Nilimwambia akakivalishe kochi.

Sasa, kabla sijafika Jumamosi, niseme kidogo kuhusu nguo, maana naona siku hizi kila mwenye simu ni mtaalamu wa mila. Mimi shule niliishia darasa la tatu, tena la tatu lenyewe sikulimaliza. Nilianza biashara na baiskeli moja ambayo breki yake ilikuwa mguu wangu. Nilifunga robota la nguo nyuma, nikatoka Songea kwenda Namtumbo, nikaingia mpaka Lusewa, msimu wa tumbaku ukishauzwa. Wakulima wale walipata fedha mara moja kwa mwaka, na siku hiyo hiyo walitaka kuivaa.

Walichotaka kilikuwa kaniki. Leo ukimtajia binti wa mjini kaniki anakunja pua, anakuuliza kama kuna mganga anamsaka. Mjinga. Kaniki ndiyo iliyowavika bibi zake wote. Nyeusi yenye ubuluu ndani yake, nzito, inalimiwa, inabebewa mtoto, inatandikwa, inafunika maiti. Ikiwa mpya inatoa rangi, basi ulimjua mwanamke aliyenunuliwa kaniki kwa kiuno chake cha buluu. Na mwanamke wa Lusewa hakununua kwa macho. Alishika pembe ya kitambaa, akaitemea mate, akaisugua kwa kidole gumba, akatazama kidole, halafu akanusa. Akikurudishia bila kusema kitu, ujue kijiji kizima umekikosa. Panda baiskeli uende zako. Leo watu wananunua gauni kwa picha ya simuni, likija ni la mtoto, wanalia.

Khanga ni doti. Doti ni vipande viwili, kimoja kiunoni, kingine mabegani au kichwani, basi. Siku hizi kwenye harusi naona wanakata doti katikati, mgeni huyu kipande, mgeni yule kipande, ati ni zawadi. Ungempa mtu kiatu cha kushoto ukasema ni zawadi? Na khanga zenyewe siku hizi ni nyepesi, ukiianika juani unamwona jirani anavyokula.

Kitenge ndicho kinachonichekesha zaidi. Watu wanakiita vazi la mababu. Mababu gani? Kitenge kilipoanza kujaa kwenye maduka ya Songea mimi nilikuwa na ndevu. Kizuri, sikatai, kimenijengea nyumba hii ninayoandikia, lakini kina kiburi cha mgeni aliyekaribishwa chakula akaanza kupanga vyombo vya watu. Sasa hivi familia nzima inashona sare: baba, mama, watoto, na kitambaa kikibaki, mto wa kochi. Nimewahi kuingia nyumba ya watu nikamsalimia mto.

Msuli niliufahamu Nakapanya. Siku hizo nilikuwa napanda lori la mahindi linalovuka Tunduru kwenda pwani, na lori likaharibika pale barabarani. Muuza duka mmoja, Mwislamu mtu mzima, akanichukua kwake. Jioni akanipa msuli nibadilishe nguo zilizojaa vumbi. Mimi Mkatoliki wa Songea, nilikuwa sijawahi kuuvaa, nikauvuta juu, nikachukua mkanda wangu wa suruali, nikaufungia juu yake, nikatoka barazani kifua mbele. Wazee watano walikuwa wanakunywa kahawa. Hakuna aliyecheka mara moja. Mmoja akaweka kikombe chini taratibu.

"Mngoni," akasema, "umefunga kuni?"

Hapo ndipo walipocheka, na mwenyeji wangu akaingia ndani kwa adabu ili acheke vizuri. Kisha akatoka akanionyesha: unaushika huku na huku, unakunja mbele, unaviringisha ukingo kwenda chini, tumbo linafanya kazi iliyobaki. Nimeuvaa hivyo mpaka leo na haujaniangukia. Vijana wa sasa wanavaa msuli juu ya kaptula. Mtu ambaye hakiamini kiuno chake mwenyewe, utamwamini na binti yako?

Na wale wa mganda, ngoma ya huku kwetu, wanaocheza kwa kaptula nyeupe na soksi ndefu mpaka magotini. Alikuja mgeni mmoja na kamera akakataa kuwapiga picha, akasema anataka vazi la asili. Wazee wale walirithi zile soksi kwa baba zao! Lakini yeye alitaka manyoya. Wanaokodisha manyoya nao wanakula, basi.

Nimebakiza nguo moja, na ndiyo iliyonigombanisha. Mkaja.

Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi na mgongo usimame. Ndiyo maana mtu akija kuoa, pamoja na mambo mengine analeta mkaja wa mama. Ng'ombe ni wa ukoo, hata wakiwa ng'ombe wa kwenye bahasha. Mkaja ni wa mama peke yake. Anaambiwa: tunajua huyu binti alitoka mahali, na mahali pale paliuma. Kinaletwa kitambaa kizima, na kingo zake zote nne. Hakipitiwi na mkasi.

Jumamosi wakaja, magari mawili, kutoka Mbinga. Kijana alikuwa amevaa suti ya kawaida, suruali nzima. Niliiangalia magotini kabla sijamwangalia usoni. Mshenga wao alikuwa mtu mnene, mpole, anayefuta jasho kwa leso hata Juni, na Juni ya Songea kila mtu anajua ilivyo. Nyuma yao akashuka shangazi yake kijana, mwanamke mzee mrefu, kajifunga khanga mpya juu ya sketi, hana haraka, anatazama bati la nyumba yangu kana kwamba anataka kulinunua na ameliona lina kutu.

Maneno ya kufungua yalikwenda sawa. Mambo ya ukoo yakaisha. Ikaja zawadi ya babu, yaani mimi, blanketi. Zamani babu aliletewa lile blanketi la kijivu linalowasha shingo. Hili lilikuwa la manyoya, laini kama paka, lina picha ya tausi aliyetandaza mkia. Ukilikunjua gizani linatoa cheche. Nililishika, nikalipima uzito, nikasema ahsanteni, nikaliweka magotini kwa kuwa kulikuwa na baridi.

Kisha mshenga akanipa boksi lililofungwa utepe. "Mkaja wa mama, mzee."

Nikafungua. Lilikuwa gauni. Gauni la kitenge limeshonwa tayari, mabega yamepanda juu kama masikio ya punda, zipu mgongoni, mawe ya kung'aa kifuani.

"Hiki nini?"

"Mkaja, mzee."

"Hili ni gauni."

"Ndiyo mzee." Leso ikapanda usoni. "Tuliona si vizuri kumletea mama kitambaa kitupu, kama vile tunamtuma kwa fundi. Tukasema tumshonee kabisa, avae tu. Dada zake kijana ndio walioshughulikia."

"Vipimo mlipata wapi?"

Wote walitazama pazia la mlango wa ndani, na pazia likatulia kwa namna ambayo pazia lisilo na mtu nyuma yake halitulii.

Nilijua hawakuwa na nia mbaya. Ujinga mwingi niliouona maishani haukuwa na nia mbaya. "Nyinyi ni watu wazima," nikawaambia. "Mkaja haushonwi. Kitambaa kilichopitiwa na mkasi hakimfungi mtu, kinamvika tu. Hili chukueni, mkarudi siku mtakayoleta mkaja."

"Mzee, siku gani?" mshenga akauliza. "Kijana likizo yake inaisha Jumatatu."

"Sikuipanga mimi."

Kijana mwenyewe aliinamisha kichwa. Hakubisha, na hilo niliweka akilini upande wake. Nyuma ya pazia nikasikia mjukuu wangu akivuta pumzi, moja, ndefu, kama mtu aliyejichoma sindano. Nilijua maana yake. Nilijua vizuri kabisa. Lakini neno likishatoka kwa mtu wa umri wangu halirudi kwa miguu yake.

Pazia likafunguka, akatoka binti yangu. Mama mwenyewe. Alikuja moja kwa moja, akachukua gauni magotini kwangu, juu ya tausi.

"Nipe, baba."

"Unalipeleka wapi?"

"Kujaribu."

Tukakaa. Shangazi wa Mbinga alikuwa anaangalia bati tena, sasa kwa upande wa ndani.

Binti yangu aliporudi, sikumjua haraka. Niseme ukweli kama muuza nguo: fundi alikuwa hodari. Lilimkaa. Huyu mtoto alikua dukani kwangu, na mtoto wa muuza nguo huvaa vipande vilivyobaki, ndivyo mtaji unavyokua. Alipoolewa alivaa alichopewa, alipofiwa alivaa alichokuta. Sasa alisimama katikati ya sebule na mabega yale ya punda, mkono mmoja unapapasa kiuno kana kwamba anatafuta mahali kitambaa kinapokosea, na hapapati kwa kuwa hapapo.

"Limenitosha," akasema. Hakumwambia mtu yeyote.

"Zuri," nikasema. "Lichukue kama zawadi. Mkaja bado."

"Baba. Blanketi lako mbona hukulikataa?"

"Lile ni blanketi."

"Lina tausi."

"Linafunika."

"Na hili linafunika. Lako limebadilika ukalikunja magotini. Langu limebadilika unafukuza watu."

Mmoja wa wageni alicheka kwa pua, akajifanya anapenga. Nikarudia: mkaja bado.

Mshenga, maskini, akaona njia. "Mzee, basi tuchange hapa hapa, mama akajinunulie mwenyewe kitambaa anachopenda."

"Mkaja haununuliwi na anayefungwa!"

Hapo ndipo shangazi alipoacha bati. Akasimama, na alivyokuwa mrefu ilimchukua muda. "Nyinyi wanaume," akasema, "mnabishania tumbo ambalo hamna." Akafungua ile khanga yake mpya kiunoni, akaikung'uta mara moja ikalia kama bendera. Akamwendea binti yangu. "Inua mikono, mama."

Akainua. Shangazi akaizungusha khanga tumboni, juu ya gauni, juu ya kazi yote ya yule fundi hodari, akavuta, akapiga fundo.

"Pumua."

"Napumua."

"Basi haijakaza." Akafungua, akavuta tena, safari hii goti lake likiwa kwenye nyonga ya mwenzake kama mtu anayefunga mzigo juu ya basi. "Pumua."

"Siwezi."

"Haya. Ahsante kwa binti."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Neno lilikuwepo tayari, liko kwenye ulimi: nguo iliyokwisha kuvaliwa! Mnaleta mkaja umetoka kwenye mwili wa mtu! Na nilikuwa na haki ya kulisema. Lakini binti yangu alikuwa analia bila sauti, kidevu juu, akishindwa hata kupiga kwikwi kwa jinsi alivyokazwa, na kwenye pazia mjukuu wangu alikuwa amesimama wazi sasa, hajifichi, ngumi mdomoni, ananitazama mimi. Haombi. Ananitazama tu, ajue nitakuwa babu wa namna gani.

"Tumepokea," nikasema.

Vigelegele vya wanawake wa jikoni vilitoboa bati lenyewe. Kijana akaja kupiga goti, nikamwambia simama, utachafua suruali.

Lakini jambo lilikuwa halijaisha, na ni mimi peke yangu niliyeliona. Shangazi alikuwa amekaa, mikono imefunika mapaja, sketi yake ya ndani ikiwa nyembamba na yenye kiraka. Mgeni haondoki kwangu na nguo pungufu ya aliyokuja nayo. Nikachukua funguo, nikamwambia twende dukani ukachague doti. Mjukuu wangu akatufuata.

Nilimfungulia, nikawasha taa, nikamshushia doti ninayoiweka mbele, nyekundu na nyeusi, inayonunuliwa sana. Akaifungua, akaiinua kwenye taa, akaitazama, kisha akanitazama mimi kupitia ile khanga.

"Mkwe, nakuona."

"Ndiyo mtindo wa sasa," nikasema.

"Nakuona mpaka vifungo."

Nikashusha ya bei ya juu. Akaivuta pembe mbili, akasikiliza. "Hii itafunga nini? Haifungi hata mchicha." Nikashusha nyingine. Akaigusa kwa kidole kimoja, akaniachia mezani bila neno. Nilianza kutoa jasho kama mshenga. Nikaburuta ngazi, nikapanda kwenye shelfu la juu ambako naweka doti chache nzito za zamani nisizouza, nazitunza tu, nikamteremshia moja. Aliifungua polepole. Akaipima kwa mkono, akaikunja, akaiweka kwapani.

"Kumbe unazo," akasema. "Halafu unawauzia watu zile nyingine."

Akatoka. Khanga alizozikataa zimelala mezani, na mimi niko juu ya ngazi. Mjukuu wangu alikuwa ameegemea mlango, anaogopa kucheka kabla hajajua nimekasirika kiasi gani.

"Babu?"

"Nishikie ngazi," nikamwambia. "Kaolewe. Hao ni watu."